Damu ya Mkwe

Ukimtaka Dorotea wa Kibara, mfuate shambani kabla umande haujakauka. Nyumbani humpati. Dorotea na jembe, jembe na Dorotea. Pamba yake haikuwaga na majani hata siku moja, na majirani walikuwa wakimtania: "Mama Gati, acha nyasi nazo zipumue kidogo!"

Mumewe aliitwa Magesa. Yeye alikuwa mvuvi. Alikaa kambini kisiwa cha Rukuba kwa majuma kadhaa, kisha akarudi Kibara na samaki wakavu na stori nyingi kuliko samaki. Mtoto wao, Gati, alikuwa bado mdogo. Mji wao ulikuwa mmoja na wa mzee Masatu, baba yake Magesa.

Mwaka ulikuwa wa tisini na mbili. Ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni ilikuwa imepita. Maduka yalikuwa yamejaa vitu tena. Malori ya barafu yalikuja mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kuchukua sangara. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati zao, na pale senta bwana mmoja aitwaye Clementi alikuwa amefungua yake. Aliipaka rangi ya bluu ikaonekana toka mbali.

Sasa, kabla hatujaenda mbele, kuna jambo moja la kujua. Kwa watu wa mji ule, mkwe ni mkwe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono. Hawali pamoja. Dorotea akitokea njiani, mzee Masatu aligeukia pembeni. Dorotea naye alipiga goti kwa mbali, akasalimia, akapita. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, tena kubwa.

Basi, mwezi wa pili mwaka huo, wakati wa palizi, Dorotea alianguka shambani.

Hakuanguka kwa jua. Kwa miezi mingi siku zake za mwezi zilikuwa haziishi. Damu ilikuwa inatoka nyingi, naye akanyamaza. Aliona aibu kusema. Alifunga kanga vizuri, akaendelea kulima. Siku hiyo jembe likamtoka mkononi, na mwenyewe akafuata chini.

Dada yake, Lukresia, ndiye aliyemkuta. Lukresia alikuwa mwanamke wa maneno mengi na miguu myepesi. Alimfunua mdogo wake kope la chini, akaona ndani peupe kabisa. Akapiga kelele mpaka Magesa akasikia nyumbani. Bahati nzuri Magesa alikuwa amerudi kutoka Rukuba juzi yake.

"Shemeji, mkeo anakufa huku!" alilia Lukresia. "Njoo na baiskeli!"

Walimfikisha senta. Lori la samaki lilikuwa linajiandaa kwenda Bunda. Dereva alikubali kuwabeba, lakini alikuwa bado anapakia. Magesa akakimbilia kwa Clementi.

Clementi alitoka na koti lake jeupe. Alimtazama Dorotea macho, akamtazama viganja.

"Damu imekwisha," alisema. "Huyu ni wa kuongezewa damu. Wewe ndiye mumewe?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona umejaa afya! Nakutoa wewe, namwekea yeye. Mambo yamekwisha. Ila leo sina chupa za kukingia damu. Zinakuja kesho asubuhi."

"Kesho?" aliuliza Lukresia. "Kesho tutakuja kumwona nani, bwana mganga? Twende Bunda!"

Lori likapiga honi. Dorotea aliwekwa mbele, karibu na dereva, na Lukresia akamshikilia. Magesa alipanda nyuma. Mzee Masatu, aliyekuwa amewafuata kwa miguu, naye akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia. Pale mbele hakutaka hata kutupa jicho, maana mke wa mwanawe alikuwa amelala miguu wazi kwa ugonjwa. Mzee aliyatazama majani ya njiani mpaka Bunda.

Hospitalini daktari alimpima Dorotea, akamwita Magesa.

"Mkeo ana uvimbe kwenye kizazi," alisema. "Ndio unaomwaga damu. Tukimfanyia upasuaji atapona. Lakini siwezi kumpasua hivi alivyo. Damu yake ni kidogo mno. Lazima aongezewe kwanza, na isipite kesho. Nendeni mkaonane na sista Justina."

Magesa akamtazama mkewe kitandani. Midomo ya Dorotea ilikuwa imepauka, na pumzi yake ilikuwa fupi fupi. Magesa alimpenda mwanamke yule, jamani. Alimpenda tangu siku Dorotea alipomcheka kwa kuvaa viatu vya kaka yake kanisani. Sasa moyo wake ulikuwa na neno moja tu: nimpe mimi, nimpe hata yote.

Sista Justina alikuwa mama wa makamo, mnene, na mwenye sauti ya polepole. Kazi yake ilikuwa kupima damu na kuitoa. Aliwachoma vidole Magesa na Lukresia, na mzee Masatu hakuguswa, maana alikuwa amebaki nje chini ya ukuta. Baada ya muda Justina akarudi.

"Dorotea ni kundi O," alisema. "Mtu wa kundi O hupokea O tu. Lukresia, wewe ni B. Damu yako haiwezi kumfaa mdogo wako."

"Tumenyonya titi moja!" alisema Lukresia.

"Mmenyonya titi moja, lakini makundi yamewapita tofauti. Hutokea hata kwa ndugu. Magesa, wewe ni O."

Magesa alisimama hapo hapo, akaanza kukunja mkono wa shati. "Nitoe, sista. Nitoe sasa hivi."

"Ngoja, baba. Njoo huku kwanza, tuwe wawili tu."

Aliingia naye katika chumba kidogo, akafunga mlango. Kulikuwa na kitanda, friji, na dirisha lenye pazia la kijani.

"Kaa," alisema Justina. "Nimeshachukua damu yako kidogo kwa vipimo. Tutapima virusi vya UKIMWI, virusi vya homa ya ini, na kaswende. Wakati inapimwa, nina maswali. Unijibu ukweli. Unayosema hapa hayatoki hapa."

"Uliza."

"Umewahi kuwa na macho ya njano?"

"Hapana."

"Huko kambini, una mwanamke mwingine?"

"Hapana, sista. Mungu ananiona."

"Miezi ya karibuni umechomwa sindano mtaani? Umetogwa masikio? Umechanjwa chale?"

Magesa alishika kola ya shati lake.

"Hapana," alisema.

Huo ulikuwa uongo.

Majuma matatu kabla ya hapo, ziwa lilikuwa limemchukua mvuvi wa kambi ya jirani. Watu wa Rukuba wakaogopa. Akaja mtu wa dawa, akasema atawakinga wasizame. Wavuvi walijipanga mchangani, vifua wazi. Yule mtu alimkata kila mmoja chale mbili juu ya titi la kushoto, akapaka dawa nyeusi. Wembe ulikuwa mmoja. Ulipita kwa huyu, ukafutwa kwenye kitambaa, ukapita kwa yule. Hakuna aliyeshangaa. Katika miaka ya shida wembe ulikuwa adimu kama chumvi. Ukoo mzima ulinyolewa kwa wembe mmoja. Sasa nyembe zimejaa madukani, lakini mazoea yamebaki palepale.

Magesa alikuwa mwanakwaya. Dorotea hakupenda mambo ya dawa za chale hata kidogo. Kwa hiyo Magesa alirudi Kibara na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akajisemea kwamba chale zitapona na hakuna atakayejua.

Majibu ya vipimo yalitoka. Justina alitabasamu. "Vipimo vyote viko sawa. Hatukuona virusi. Lala kitandani."

Magesa alilala. Roho yake ikatulia. Kumbe uongo wenyewe haukuwa na madhara! Damu imepimwa, imeonekana safi, basi. Justina alimfunga mpira juu ya kiwiko, mshipa ukajitokeza. Alikuwa anafuta ngozi kwa spiriti, ndipo Magesa akauliza, kwa kupitisha muda tu:

"Sista, kama mnapimaga, maswali yote yale ya nini?"

Justina hakuacha kufuta. "Nyumbani kwenu mnalima pamba?"

"Tena sana."

"Ukifukia mbegu ya pamba leo, kesho ukamleta mgeni shambani, ataona nini?"

"Ataona udongo tu."

"Atasema shamba ni tupu, sivyo? Na macho yake ni mazima. Mbegu iko chini, bado haijatokeza. Virusi ni hivyo hivyo. Ni vijidudu vidogo mno. Vikimwingia mtu leo, vinakaa majuma, pengine miezi, kabla kipimo hakijaviona. Kipindi hicho mtu ana afya, anakula, anacheka, na kipimo kinasema yuko sawa. Lakini damu yake ikiingia kwa mwingine, virusi vinaingia nayo. Ndiyo maana nauliza. Kipimo kinaona kilichoota. Kilichofukiwa juzi anakijua mwenyewe."

Aliinua sindano.

Magesa aliitazama sindano ile. Akili yake ilirudi mchangani Rukuba. Akaona kitambaa cha yule mtu, chenye madoa ya watu wote. Mbele yake katika mstari alisimama mvuvi mmoja mgeni, hata jina lake hakulijua. Wembe ulitoka kwa mgeni yule ukaja kwake Magesa.

Mkewe alikuwa upande wa pili wa ukuta. Bila damu atakufa. Magesa akisema, damu haipo. Asiposema, damu ipo. Ni damu gani sasa?

"Sista, ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Weka kando hiyo sindano."

"Unaogopa?"

"Nimekudanganya." Alifungua vifungo vya shati. Chale mbili zilikuwa bado na wekundu pembeni. "Tulikatwa wengi. Wembe ulikuwa mmoja."

Justina alizitazama. Hakukemea. Alifungua ule mpira wa mkono taratibu, akakaa kando ya kitanda.

"Asante, baba," alisema. "Asante sana."

Magesa alificha uso, akalia kama mtoto. "Asante ya nini? Sasa nani atampa mke wangu damu?"

"Tutatafuta. Lakini sikiliza. Damu ni kiungo cha mwili kama viungo vingine. Kumwongezea mtu damu ni kumpandikiza sehemu ya mwili wako. Huko kwenye hospitali kubwa za ng'ambo wanapandikiza hata figo, hata kile kioo cha jicho. Nao hufanya hivi hivi: wanampima mtoaji, wanamuuliza maisha yake. Maana kiungo hakiji peke yake. Kinakuja na vyote vilivyomo. Na mgonjwa hana nguvu ya kupigana. Ungempa Dorotea damu yenye virusi, tungemtoa kwenye shimo moja na kumtia kwenye jingine."

"Kwa hiyo nimeshaugua?"

"Sijui. Pengine hata hukupata kitu. Urudi hapa baada ya miezi mitatu tupime tena. Ukiumwa kabla ya hapo, njoo mapema. Mpaka hapo usimpe mtu damu, wembe wako uwe wako peke yako, na ukiwa na mkeo mtumie mipira ya kondomu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nje ya chumba Lukresia alikuwa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Vipi, shemeji? Umetoa?"

"Sikutoa. Damu yangu haifai kwa sasa."

"Haifai! Si sista amesema wewe ni O kama yeye?" Lukresia alishika kichwa. "Basi tumchukue, tumrudishe kwa Clementi! Kesho chupa zake zinakuja. Yule hanaga maswali mengi."

Saa moja kabla, Magesa angembeba mkewe mgongoni mpaka kwa Clementi. Sasa alitikisa kichwa.

"Shemeji, ndiyo maana simtaki. Hanaga maswali, na hapimi. Alinitazama mashavu tu, akasema nimejaa afya. Hatumpeleki huko."

Aliingia wodini. Dorotea alifungua macho kidogo. Magesa akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama Gati, kuna kitu nilikuficha. Kule Rukuba nilichanjwa chale. Ndiyo maana nimeshindwa kukupa damu."

Dorotea alijibu kwa taabu. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Nilizionaga... ulipokuwa unaoga. Nikasema nikungoje... useme mwenyewe."

"Nisamehe."

"Umesema," alijibu Dorotea, akafumba macho.

Magesa alitoka nje. Mzee Masatu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkavu, mwenye mikono ya kazi. Nyumbani kwao baba huitwa tata.

"Tata, damu haijapatikana," alisema Magesa. Akamweleza yote, na chale zile hakuzificha. "Hapa amebaki mtu mmoja wa ukoo ambaye hajapimwa."

"Nani?"

"Wewe."

Mzee aliinuka. "Mimi? Magesa, umerukwa na akili? Yule ni mkwe wangu! Mkono wake sijawahi kuushika. Leo damu yangu iingie mwilini mwake? Itembee humo? Watu wa Kibara watasema nini? Mizimu yenyewe itasema nini?"

"Tata..."

"Hapana! Hilo ni jambo zito. Mnaniomba kitu ambacho hakijawahi kuombwa."

Kusema kweli, hata Magesa aliona haya kuomba. Sista Justina alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikuja, akamwamkia mzee vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, huko kwetu nako tunao ukwe. Nakuelewa. Niruhusu nikueleze jambo moja tu. Damu haikai milele. Ukimpa mtu damu leo, inamsaidia kwa muda. Huku mwili wake unatengeneza damu yake mwenyewe. Ikifika kama miezi minne, ile uliyompa inakuwa imekwisha yote. Haibaki."

Mzee alimtazama kwa jicho moja. "Haibaki?"

"Haibaki."

"Kwa hiyo inakwenda kwake kama mgeni? Inalala siku zake, inasaidia kazi, halafu inaaga?"

"Ndivyo hasa, mzee."

Mzee Masatu aliketi tena. Alichora mchanga kwa fimbo. Ndani ya wodi alisikika Lukresia akimwambia mdogo wake anywe uji hata kijiko kimoja, na mgonjwa hakujibu. Mzee alisikiliza ule ukimya. Akakumbuka, nadhani, zile asubuhi alizokuwa anasikia jembe la Dorotea kabla jogoo hajamaliza kuwika. Mwanamke yule alimpikia ugali miaka yote, akautuma kwa mkono wa mtoto, na hata siku moja haukuwa wa baridi.

"Mgeni hakataliwi," alisema mwisho. "Lakini nina masharti yangu. Nitatolea chumba kingine. Yeye nisimwone akiwa amelala. Na asije akanishukuru kwa mkono."

"Tumekubaliana," alisema Justina. "Na mimi nina masharti. Nitakupima, na nitakuuliza maswali yangu yote."

"Uliza. Mimi wembe wangu naulaza chini ya mto tangu siku za foleni. Sikumpaga mtu, hata huyu mwanangu. Waliniita bahili."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka.

Alipimwa. Alikuwa O. Damu yake ilikuwa ya kutosha, na virusi havikuonekana. Maswali aliyajibu moja moja, bila haraka. Justina akachanganya matone ya damu yake na ya Dorotea kuona kama yanapatana. Yakapatana. Mzee akalala kitandani nyuma ya pazia la kijani, akatazama dari kwa ukali, na chupa ikajaa. Akapewa chai ya maziwa. Alisema sukari imepungua.

Lukresia naye hakukubali kukaa bure. "Yangu ni B," alisema. "Kuna mtoto wa mtu humu ndani mwenye B?" Baada ya vipimo na maswali yeye pia alitoa, ikawekwa kwenye friji kwa ajili ya mgonjwa yeyote.

Jioni ile damu ya mkwe ilianza kushuka tone kwa tone katika mshipa wa Dorotea. Muuguzi alikaa naye karibu, akimwangalia joto na mapigo ya moyo. Asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi. Baadaye daktari alimfanyia upasuaji, akautoa ule uvimbe. Walirudi Kibara Dorotea akitembea mwenyewe, polepole, mkono kwenye mshono.

Magesa hakurudi Rukuba upesi. Alibaki kupalilia pamba, na majirani wakapata wa kumtania: "Baba Gati, sangara wa shambani wanavuliwaje?" Chumbani alifuata maneno ya Justina. Wembe wake aliufunga kwenye kikaratasi, akauweka mbali.

Mvua za masika zilipokuwa nyingi, mwili wa Magesa ulianza kuchoka. Chakula kilimchukiza. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi. Asubuhi moja alikuwa ananawa nje. Dorotea alimpa taulo, akamtazama usoni, akaganda.

"Baba Gati, geukia kwenye mwanga."

Macho yake yalikuwa ya njano.

Walikwenda Bunda siku hiyo hiyo. Sista Justina alimpima. Akarudi na majibu, akaketi karibu naye.

"Ni virusi vya homa ya ini," alisema. "UKIMWI hauna. Ile mbegu, baba, sasa imeota."

"Toka Rukuba?"

"Muda wake unalingana na wembe ule. Siku uliyolala kwenye kitanda hiki, yawezekana kabisa ilikuwa imeshafukiwa."

Kwa dirisha Magesa alimwona Dorotea uani. Alikuwa ameinama bombani, anajaza maji ya kunywa, anaongea na wanawake wengine na kucheka. Mashavu yake yalikuwa yamerudi. Magesa akaiona chupa ambayo haikujazwa. Akaona damu yake ikishuka tone kwa tone katika mwili ule uliokuwa hauna nguvu hata ya kumeza uji.

"Ningemuua," alisema. "Sista, ningemuua kwa mkono wangu, huku nikidhani namwokoa."

"Lakini hukumuua. Ulisema." Justina alimgusa bega. "Sasa sikiliza. Watu wazima wengi ini lao hushinda virusi hivi lenyewe. Pumzika, kula vizuri, pombe usiiguse kabisa, na dawa za miti shamba uziache, zinalichosha ini. Dorotea tutampima. Wewe utarudi tuhakikishe virusi vimekwisha. Na wale wenzako wa kambini?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Dorotea alipimwa, akaonekana hana kitu. Magesa alikaa nyumbani akipumzika mpaka macho yakawa meupe. Aliporudi kupimwa baadaye, virusi havikuonekana tena. Ndipo akafunga safari kwenda Rukuba.

Kule kambini hakuficha neno. Aliwasimulia habari ya wembe, ya kitanda, na ya macho ya njano. Wengine walicheka, wakasema ni baridi ya ziwa. Lakini wawili hawakucheka. Nao walikuwa wamepata macho ya njano, wakadhani wamelogwa. Juma lile wavuvi kadhaa walivuka kwenda Musoma kupimwa. Na kambini ukawekwa utaratibu: kila mtu wembe wake, wa kunyolea au wa chochote. Anayetaka kumkata mwenzake kwa wembe uliotumika, ajue ataondoka Rukuba kwa kuogelea.

Ikafika miezi ya kuvuna pamba.

Alasiri moja mzee Masatu alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake, mgongo ameugeuzia jiko, kama ilivyo heshima. Dorotea alikuwa ndiyo kwanza anatua gunia la pamba kutoka kichwani. Mzee alihesabu kitu vidoleni, kisha akamwita mjukuu wake kwa sauti kubwa, sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Gati! Hebu mwulize mama yako. Yule mgeni wangu niliyemtuma kwake, ameshaaga?"

Gati hakuelewa, lakini alikimbia akauliza. Dorotea alipiga goti pale pale, kwa mbali, upande ambao mzee hamwoni.

"Mwambie babu ameaga salama," alisema. "Alinikuta siwezi hata kushika jembe. Ameniacha navuna pamba."

Mzee Masatu alisikia kila neno. Hakugeuka. Alitoa kitambaa mfukoni, akasema moshi wa jikoni siku hiyo ulikuwa mwingi, na jikoni moto ulikuwa bado haujawashwa.